Mashine Haijachoka, Propela Ndiyo Nzito

"Mashine imechoka." Simama asubuhi moja pale Deep Sea, Tanga, usikilize wenye boti wakizungumza, utaisikia kauli hiyo kabla chai haijapoa. Boti ikigoma kupanda juu ya maji, mashine imechoka. Ikinywa mafuta kupita kiasi, mashine imechoka. Ni nadra kumwona mtu akiinama, akakitazama kile kipande cha chuma chenye mapanga matatu kule nyuma, akajiuliza kama shida haiko pale.

Shemeji yangu alikuwa mmoja wao. Alinunua boti ya fiberi ya futi 18, iliyokwisha tumika, na mashine ya hosipawa 60 ya zile zisizochanganyiwa oili kwenye petroli. Si boti ya kazi. Ni ya Jumamosi: kwenda visiwa vya Toten au Ulenge na familia, kutupa mshipi kidogo, kurudi kabla upepo haujachachamaa. Akiwa na mtu mmoja tu ndani, boti inaruka. Akimpakia mke, watoto, mama mkwe, deli la barafu na sufuria ya pilau, omo, yaani pua ya boti, inainuka mpaka haoni mbele, tezi, yaani nyuma yake, inazama, na boti inalima maji kama trekta. Akabadilisha plagi. Akabadilisha filta ya mafuta. Fundi mmoja akamshauri wafungue mashine yote watazame ringi. Alikuwa ameshaanza kutafuta hela ndipo nikamuuliza: "Shemeji, ukiwa umepakia hivyo, ukafungua resi mpaka mwisho, saa ya mizunguko inasoma ngapi?"

Hakuwahi kuitazama.

Propela, ambayo kamusi huiita rafadha na wengine pangaboi, ndiyo gia ya boti. Dereva wa bodaboda anayepanda Lushoto kutoka Mombo na abiria wawili haendi kwa gia ya juu. Akijaribu, pikipiki inatetemeka, inanguruma bila kwenda, na mwisho inazimika. Anashusha gia, mashine inapumua, mlima unapandika. Mashine ya boti inayoning'inia nyuma haina nafasi hiyo. Ina gia moja ya kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, basi. Wepesi au uzito wa mwendo wote umo kwenye umbo la propela uliyoifunga kabla ya kuondoka ufukweni. Ukifunga nzito, unaupanda mlima wa Lushoto kwa gia ya juu kila Jumamosi.

Uzito huo unasomeka. Futa chumvi na grisi kwenye kiini cha propela utaona namba zimegongwa, kwa kawaida mbili, kwa inchi. Ya shemeji ilisema 11 3/8 x 14. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ndiyo mafundi huiita pichi. Mimi nitaiita hatua. Fikiria skrubu ikiingia kwenye ubao wa mninga: ukiizungusha mara moja, inazama kwa umbali uleule kila mara. Propela ya hatua 14 ingekuwa inazunguka ndani ya kitu kigumu kama ubao, ingesonga mbele inchi 14, karibu sentimita 36, kwa kila mzunguko. Hatua ndefu ni gia ya juu, hatua fupi ni gia ya chini.

Maji si ubao, kwa hiyo boti haifiki umbali huo. Pengo kati ya umbali wa hesabu na umbali wa kweli huitwa mtelezo, na hapa watu wengi hukosea wakidhani mtelezo wote ni hasara ya kuondolewa. Aliyewahi kushika usukani wa ngalawa anajua kwamba tanga lililosimama sambamba kabisa na upepo halisukumi chochote, linapigapiga tu. Lazima lipokee upepo kwa pembe. Panga la propela nalo lazima liyakabili maji kwa pembe ndogo ndipo lisukume, na pembe hiyo ndiyo mtelezo wenyewe. Boti nyepesi ya matembezi inayokwenda vizuri huwa na mtelezo wa asilimia 10 hadi 20. Ukipata 35 au 40, kuna jambo. Ukipata sifuri, umekosea hesabu au saa yako inadanganya.

Sasa turudi kwenye ile saa ya mizunguko, maana hukumu yote iko pale. Kila mashine ina kitabu chake, na ndani yake kuna mstari unaotaja mizunguko kwa dakika inayotakiwa resi ikifunguliwa mpaka mwisho. Kwa mashine nyingi za aina ya shemeji ni kati ya 5,000 na 6,000. Propela sahihi ni ile inayoiwezesha mashine kufika ndani ya mipaka hiyo ikiwa na mzigo unaoubeba kweli. Mambo mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Mashine ikishindwa kufika kiwango cha chini, propela ni nzito. Mafuta yanaingia kwa wingi wa resi iliyofunguliwa, lakini mizunguko haipo ya kuyatumia ipasavyo. Joto linapanda ndani ya silinda, masizi yanajijenga, pistoni zinateseka. Hiyo ndiyo "mashine imechoka" nyingi ninazozijua: haikuchoka, inachoshwa. Ikipita kiwango cha juu, propela ni nyepesi mno, na mashine inajizungusha kwa fujo bila kazi ya maana. Mashine mpya zina kizuizi kinachokata moto zikipitiliza. Za zamani hazina, na hazikuonyi.

Tulitoka na shemeji Jumapili moja asubuhi, maji yakiwa yametulia, kutoka Raskazone kuelekea mdomo wa ghuba. Kwanza tukiwa wawili: mizunguko 5,500, kasi kilomita 48 kwa saa kwa GPS ya simu. Tukarudi tukapakia watu saba na deli lililojaa: 4,600, kasi kilomita 30, omo mbinguni. Unaona hapo? Tukiwa wawili mashine ilikuwa ndani ya mipaka, ndiyo maana aliyemuuzia aliijaribu mbele yake ikaruka na kila mtu akafurahi. Tatizo lilikuwa likipanda botini pamoja na mama mkwe, na hakuna aliyethubutu kulisema hivyo.

Kanuni ya mkono ambayo mafundi wa propela duniani kote huitumia ni hii: kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 hivi. Kuongeza hatua hufanya kinyume. Sisi tulipungukiwa 400 kufika 5,000, kwa hiyo tulihitaji kushuka inchi mbili au tatu. Tungeshuka tatu, boti iliyopakia ingefurahi sana, lakini siku shemeji yuko peke yake mashine ingepita 6,000. Tukachagua mbili: 11 3/8 x 12. Matokeo yake, tukiwa wawili, 5,900 na kilomita 46. Tukipakia, 5,100 na kilomita 37, boti imelala vizuri juu ya maji. Tulipoteza kilomita 2 ambazo hakuna aliyezihitaji, tukapata 7 zilizokuwa zinatafutwa kwa miezi.

Jaribio la namna hii lina adabu yake. Kwenye ghuba ya Tanga maji yanapojaa na kupwa yana mkondo, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na simu inapima kasi yako juu ya ardhi, si juu ya maji. Nenda upande mmoja, rudi upande wa pili kwenye mstari uleule, uchukue wastani. Hakikisha tangi lina mafuta yaleyale, watu ni walewale, na chini ya boti pamesuguliwa. Ukoga na yale magamba makali yanayogandia fiberi iliyokaa majini wiki kadhaa huweza kula mizunguko mingi kuliko inchi nzima ya hatua, na hakuna propela ya kuliponya hilo. Kama mashine haina saa ya mizunguko, zipo ndogo za bei nafuu ambazo waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Kubahatisha kwa sikio hakufai. Sikio husikia kelele, halihesabu.

Anayependa hesabu aipige hii ya mtelezo, ni ya dakika mbili. Utahitaji uwiano wa gia zilizo ndani ya mguu wa mashine, ile sehemu inayoshuka majini, nao pia umo kwenye kitabu. Wa shemeji ni 2 kwa 1, mashine ikizunguka mara mbili propela inazunguka mara moja. Mizunguko 5,900 gawa kwa 2 ni 2,950. Hatua ya inchi 12 ni mita 0.305. Zidisha, upate karibu mita 900 kwa dakika, zidisha kwa 60, karibu kilomita 54 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya skrubu kwenye ubao. GPS ilisema 46. Pengo ni 8, yaani asilimia 15 hivi. Ile propela ya zamani ikiwa na mzigo, hesabu ilitoa kilomita 49 na GPS ikasema 30: mtelezo wa karibu asilimia 39. Propela ilikuwa inachuruza maji, haisukumi boti.

Kipenyo sijakigusa kwa sababu kwa mashine za kuning'inia huna uhuru nacho sana: mguu wa mashine una nafasi maalumu, na watengenezaji hukipanga pamoja na hatua. Propela ya hatua fupi mara nyingi huja na kipenyo kikubwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa mashua nzito zenye mashine ya dizeli ndani, kipenyo ndiyo habari kubwa, maana chombo cha polepole hutaka kusukuma maji mengi taratibu. Hayo ni makala nyingine.

Mapanga matatu au manne? Matatu hukimbia zaidi kidogo. Manne hushika maji vizuri zaidi, huinua boti mapema, hupunguza mtetemo, na hukaa vizuri kwenye kona na kwenye mawimbi ya kusi. Kwa boti ya familia inayobeba mzigo ningechagua manne bila kusita, isipokuwa kwamba kuyapata kwa saizi ndogo ni shughuli. Ukihama kutoka matatu kwenda manne, punguza hatua kwa inchi moja hivi, kwa kuwa panga la ziada ni mzigo wa ziada. Na ukiona ukingo wa nyuma wa panga umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko, hilo si pigo la mwamba. Limekunjwa kiwandani makusudi ili lishike maji. Nalo huongeza uzito wa propela karibu sawa na nusu inchi hadi inchi ya hatua. Nimewahi kumwona kijana akilinyoosha kwa nyundo kwa bidii zote.

Kwenye suala la aluminiamu au stenlesi nina msimamo, na msimamo huo umetokana na miamba ya hapa. Stenlesi ni ngumu, mapanga yake yanaweza kufanywa membamba bila kupinda, kwa hiyo hukata maji vizuri na hudumu. Bei yake ni mara kadhaa ya aluminiamu. Lakini maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na fungu la mchanga lililokuwa chini yako kwa kina cha mtu asubuhi linaweza kuwa kiwanja cha mpira adhuhuri. Panga la aluminiamu likigonga mwamba hupinda au kumeguka, na hasara inaishia hapo. La stenlesi hukataa kupinda, na kishindo hupanda juu kwenye shafti na gia. Mimi ni bora nivunje kitu cha bei ndogo.

Kuna kinga nyingine iliyofichwa ndani ya kiini: bushi ya mpira kati ya propela na meno ya shafti. Kazi yake ni kuteleza ukigonga kitu, ili gia zipone. Mpira huu ukizeeka huanza kuteleza bila kugongwa chochote, na dalili zake hudanganya watu wengi. Polepole boti inakwenda vizuri. Ukifungua resi, mashine inapiga kelele, mizunguko inapaa, boti haiendi. Mtu anasema gia zimekwisha. Kabla hujafungua mguu wa mashine, ivue propela, chora mstari mmoja kwa rangi kuanzia bomba la ndani kupita juu ya mpira hadi kwenye kiini, uifunge tena uende ukaikimbize. Ukirudi ukakuta mstari umekatika, vipande havitazamani, umeshampata mwizi.

Dalili zinazofanana na hizo hutokea pia propela inapovuta hewa. Unakata kona kali, au wimbi linanyanyua tezi, mara mashine inapaa na boti inalegea. Chanzo mara nyingi ni kimo cha mashine. Juu ya propela kuna bati pana la kulala. Bati hilo linatakiwa kuwa usawa wa chini ya boti, au juu yake kwa sentimita mbili tu hivi. Mashine ikifungwa juu mno, propela inanyonya hewa. Ikifungwa chini mno, mguu mzima unakokota maji na mafuta yanaisha. Ndiyo maana kuna mashine za mguu mfupi, kwa ubao wa nyuma wa kimo cha inchi 15, na mguu mrefu, kwa inchi 20. Kufunga ya mguu mfupi kwenye ubao mrefu kisha kununua propela tatu mfululizo kutafuta dawa ni jambo ambalo nimelishuhudia. Pembe ya mashine nayo ijaribiwe: ile pini inayopitishwa kwenye matundu ya bano, ukiisogeza tundu moja tu, omo inaweza kushuka au kunyanyuka bila senti kutumika.

Kuvuta hewa kusichanganywe na kuchemka kwa maji. Ndiyo, maji huchemka pale, yakiwa baridi vilevile. Panga likizunguka kwa kasi, mgandamizo upande wake wa mbele hushuka sana, na maji yenye mgandamizo mdogo huchemka bila moto. Viputo vinazaliwa, vinasafiri kidogo, kisha vinapasukia ndani kwa nguvu ya kumega chuma. Charles Parsons wa Uingereza alikutana na balaa hilo mwaka 1894 na boti yake Turbinia, iliyokuwa na mashine ya ajabu lakini propela zikizunguka ndani ya povu lake zenyewe. Alipogawanya kazi kwa shafti tatu zenye propela tatu kila moja, Turbinia mwaka 1897 ikapita noti 34, karibu kilomita 63 kwa saa. Kwako wewe, dalili ni vishimo vidogovidogo kama vya kutu kwenye uso wa panga, mara nyingi nyuma ya mahali ukingo wa mbele ulipokatika au kuchubuka.

Kwa hiyo ukingo utunzwe. Mkwaruzo mdogo unasawazishwa kwa tupa laini, kidogokidogo, mapanga yote yakibaki na umbo moja. Panga lililopinda linahitaji fundi mwenye kalibu ya kulinganisha. Kugongagonga juu ya jiwe huacha panga moja na hatua 12, la pili 13, la tatu halijijui. Unaweza kulikagua mwenyewe: laza propela juu ya meza iliyonyooka, pima kwa rula kimo cha ukingo wa kila panga mahali palepale, linganisha. Tofauti hujitokeza baadaye kama mtetemo, mtetemo huua sili ya shafti, ule mpira unaozuia maji yasiingie, na maji ya chumvi huingia kwenye oili ya gia ikawa nyeupe kama tui.

Watakuja wa kukuambia ukate ncha za mapanga upate kasi. Hata historia ina mkasa wa kuwapa hoja: Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu skrubu yake ya mbao yenye mizunguko miwili kwenye mfereji mwaka 1837, nusu yake ikavunjika, na boti ikaongeza mwendo palepale. Ilikuwa bahati, na ilimfunza. Lakini skrubu yake ilikuwa ndefu kupita mahitaji, na propela ya dukani leo imeshakatwa kila kilichopaswa kukatwa.

Wakati wa kufunga, chomoa kwanza ile kamba ya kuzimia mashine, weka gia katikati, ukingamize kipande cha ubao kati ya panga na bati ili isizunguke. Paka shafti grisi ya baharini, vinginevyo chumvi itaigandisha na mwakani utaitoa kwa tindo. Ile washa, pete nene yenye mteremko, inatangulia; ikisahaulika, propela inasukuma moja kwa moja kwenye mguu. Na kila ukiivua, tazama nyuma yake kama kuna mshipi uliojisokota. Nailoni ya wavuvi hukata sili kimyakimya, na huku kwetu maji yamejaa nailoni.

Ile 14 ya zamani shemeji hakuiuza. Aliifunga kwenye gunia pamoja na nati, pini mpya na koleo, akaiweka chini ya kiti. Siku ya bamvua wakirudi Ulenge, fungu likawawahi, panga moja la propela mpya likajikunja. Akashuka, maji ya magoti, akabadilisha katika robo saa. Wakarudi polepole, omo juu, tezi chini, na mama mkwe, aliyekaa nyuma karibu na deli, akauliza kama mashine imechoka.